Utani na Adabu ya Kauli katika Pwani ya Kilwa

Katika mwambao wa kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa Kivinje kupitia Kiswere hadi Lindi, mtani akimwita mwenziwe "mtumwa wangu", anayeitwa hucheka na kujibu kwa kejeli kali zaidi. Asiye mtani akilitamka neno hilohilo, ugomvi huzuka. Msamiati haukubadilika; kilichobadilika ni uhusiano wa makundi ya wanaozungumza.

Neno lenyewe si jepesi katika pwani hii. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa lango kuu la kuwasafirishia watu waliotekwa bara, hasa pande za Ziwa Nyasa. Mkataba aliotia saini Sultani Barghash mwaka 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, lakini Tanganyika ilisubiri hadi mwaka 1922 utumwa wenyewe ufutwe kisheria.

Chanzo cha utani wa makabila huelezwa kwa namna mbili: vita vya kale, hususan vile vya Wangoni, na misafara ya biashara. Maelezo ya misafara yana uzito wa pekee kwa pwani hii. Aliyefia ugenini hakuwa na ukoo wa kumzika. Mtani alikuwa na wajibu wa kumwosha na kumchimbia kaburi. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuona uhusiano wa aina hii kuwa mchanganyiko wa urafiki na uhasama. Nadharia hiyo inaufafanua mzaha vizuri kuliko inavyoufafanua wajibu wa mazishi.

Msibani ndipo nguvu ya kundi juu ya mwenendo wa mtu inapoonekana waziwazi. Mtani huigiza mwendo na sauti ya marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Huenda mtu huyo nyumbani kwake ni mpole asiyeinua sauti. Kelele zile hazitokani na hulka yake, bali na nafasi aliyopewa na jamii. Anayekasirika ndiye anayehesabiwa kuwa amekosa adabu.

Hapo pana jambo ambalo wasifiaji wa utani hulipita haraka mno. Ikiwa kucheka ni lazima, mjukuu wa aliyetekwa hana njia ya kuonyesha kwamba neno "mtumwa" limemchoma. Kicheko chake ni ushahidi kwamba anaijua kanuni; si ushahidi kwamba ameridhika nayo.

Siku hizi neno limepanuka hadi viwanjani. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa na magazeti "watani wa jadi". Kejeli zimehama pamoja na neno, ila wajibu umebaki nyuma: hakuna anayetarajia shabiki wa Simba, kwa ushabiki wake tu, amchimbie kaburi shabiki wa Yanga.