Roboti Isiyopata Mnunuzi



Katika kioo cha duka moja katikati ya mji wetu wa Lubumbashi imesimama, tangu siku za Noeli iliyopita, roboti ya kuchezea yenye urefu wa mkono mmoja. Imo ndani ya sanduku lake, macho yake ni mekundu, na chini ya miguu yake kimebandikwa kikaratasi cha bei kwa dola. Watoto watokao shuleni husimama, hubandika pua zao juu ya kioo, kisha huenda zao. Nimepita hapo mara nyingi, wala sijaona hata siku moja sanduku hilo likishushwa. Mtu aweza kusema kwamba sababu ni umaskini wetu. Jibu hilo ni jepesi mno, maana vichezeo vya namna hiyo vimewatatiza wafanyabiashara wa Japani na Marekani pia. Sababu yenyewe imo katika historia ya kitu hicho.

Tuanze na jina. Mwaka 1920 mwandishi Mcheki Karel Čapek alitunga tamthilia iitwayo R.U.R., na ndani yake watumishi waliotengenezwa kiwandani wakaitwa roboti. Neno hilo limetoka katika robota ya Kicheki, maana yake kazi ya shuruti. Wazee wetu waliosombwa kutoka vijijini katika miaka hiyohiyo ili wachimbe shaba ya Union Minière wangalilielewa neno hilo bila mkalimani.

Kichezeo chenyewe kilianza kwa unyonge. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imeteketea, na mafundi wake waliokota makopo ya bati yaliyoachwa na askari wa Marekani, wakayanyosha, wakayakata na kuyageuza kuwa vigari. Punde si punde wakatengeneza na roboti za bati zilizotembea kwa ufunguo. Anayewajua watoto wa mitaa ya Kenya au Katuba, wanaopinda nyaya na kukata makopo mpaka gari lipate magurudumu na usukani, hahitaji kuelezwa zaidi. Vitu hivyo viliuzwa kwa bei ndogo, navyo viliuzika.

Mwaka 1972 ilianza katika televisheni ya Japani hadithi ya Mazinger Z, roboti kubwa iliyobuniwa na mchoraji Go Nagai. Katika hadithi hiyo mwili wa roboti uliundwa kwa metali ya ajabu iliyoitwa Chogokin. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ilitoa kichezeo chake kwa jina hilohilo, kidogo cha kutosha kiganjani, lakini kizito, kwa kuwa kilitengenezwa kwa metali iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Uzito huo ndio uliowavuta watoto: aliyekishika alihisi ameshika kitu cha kweli. Na metali hiyo ya ajabu ilikuwa nini? Kwa sehemu kubwa ilikuwa zinki. Ndiyo, zinki, ile iliyokuwa ikitolewa Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka hapa, mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993, ukaja kuanza tena mwaka 2024.

Mwaka 1978 Wafaransa waliipokea roboti nyingine ya Nagai kwa jina la Goldorak, na watoto wao wakashikwa na wazimu. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua roboti za Kijapani zinazogeuka magari, ikaziita Transformers. Hadi hapo mnunuzi alikuwa mzazi, mchezaji alikuwa mtoto, na duka lilikuwa mahali pao pa kukutania.

Mageuzi yalikuja mwaka 1997, Bandai ilipotoa upya Mazinger Z katika mfululizo ulioitwa Soul of Chogokin. Roboti hii ilikuwa ya kifahari, yenye viungo vingi na bei ya juu. Ililengwa kwa yule mtoto wa mwaka 1974, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mshahara na kumbukumbu. Kichezeo kilikuwa kimebadili mwenyewe, ila jina lake lilibaki lilelile, na kwa sababu ya jina hilo wauzaji waliendelea kukiweka pale wanapowekwa farasi wa plastiki na wanasesere. Mzazi akiona bei, hushtuka. Mtu mzima anayeitamani hapiti upande huo wa duka. Hata akipita, huona haya kidogo kuulizia.

Tena mkusanyaji si mnunuzi rahisi. Huijua aina anayoitaka hata mwaka wake, huchunguza pembe za sanduku, na sanduku likiwa limebonyea huondoka. Katika mji mzima watu wa namna hiyo huenda wakawa watatu. Duka la mtaa haliwezi kuishi kwa watu watatu. Lakini anayeuza kwa intaneti huwakusanya watatu wa kila mji, wakawa maelfu. Kampuni ya Sony iliuonyesha ukweli huu mapema. Mwaka 1999 ilipotoa AIBO, mbwa wa roboti wa yeni 250,000, ilimuuza kwa intaneti, na mbwa 3,000 waliotengwa kwa Japani walikwisha katika dakika 20 hivi. Pamoja na shangwe hiyo, mwaka 2006 Sony iliacha kumtengeneza. Kampuni ya Anki ya Marekani ilifanya kinyume: roboti zake ndogo za Cozmo na Vector zilipelekwa madukani, nazo zilipendwa, hata hivyo mwaka 2019 kampuni ilifunga milango. Mwaka huohuo Hasbro ilitaka kutengeneza Unicron, kichezeo kikubwa cha karibu dola 575, ikasema waziwazi kwamba haitakitengeneza mpaka watu 8,000 wajiandikishe kukinunua. Walipatikana, japo baada ya kuongezewa siku. Duka halikuwa na nafasi katika mpango huo.

Nimeona wengi wakimlaumu mwenye duka kuwa hajui biashara. Mimi simlaumu sana, ila kwa ununuzi wake wa kwanza. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme amenunua roboti moja kwa dola 200, akitumaini kuiuza 350. Kwa fedha hizohizo angepata mipira 100 ya dola mbili mbili. Akiuza kila mpira kwa dola tatu na kuimaliza kwa mwezi mmoja, amepata faida ya dola 100. Akirudia kwa miezi sita, faida ni 600. Roboti ikikaa miezi sita na hatimaye ikauzwa, imemletea 150. Rafu ni ileile, kodi ya nyumba ni ileile. Zaidi ya hayo, roboti iliyofungwa sandukuni haitembei wala haisemi. Uhodari wake wote umefichwa, na kinachoonekana ni bei tu. Kwetu huongezeka ushuru na safari ndefu ya malori hadi Kasumbalesa, na swali ambalo kila mzazi wa Lubumbashi huuliza: ikiharibika, ni fundi gani atakayeitengeneza?

Mji huu uliwahi kuwa na wauzaji waliolijua jambo hili vizuri. Wachoraji wetu wa miaka ya 1970 hawakungoja katika vioo vya maduka. Walibeba picha zao kwapani na kwenda nyumba kwa nyumba, wakichora kile ambacho mfanyakazi angependa kukitundika sebuleni, kwa bei aliyoweza kuilipa. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alipompata Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu hapa mjini, alimchorea historia ya nchi katika picha 100 hivi. Leo picha hizo zimehifadhiwa na jumba la makumbusho huko Amsterdam. Mkusanyaji alipatikana kwa sababu mwuzaji alimfuata mlangoni.

Juma lililopita nilipita tena mbele ya duka lile. Kikaratasi cha bei kimefutwa na kuandikwa upya, dola 40 chini. Jua la mchana hupiga kioo moja kwa moja, na wekundu wa sanduku umekuwa waridi upande mmoja. Kwa bei hiyo mtoto bado haimudu. Kwa sanduku hilo mkusanyaji haitaki tena. Kando yake mwenye duka amepanga mipira.