Boksi la Picha

Katika miaka ya 1970, nikiwa chuo cha ualimu, tulijifunza kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyotuzunguka. Tulikata dirisha kwenye boksi, tukapitisha ndani yake karatasi ndefu iliyoviringwa kwenye vijiti viwili. Ukizungusha kijiti, picha zilipita moja baada ya nyingine: mbegu, mche, pamba iliyopasuka. Mkufunzi wetu alituonya kwamba mtoto akikumbuka boksi akasahau pamba, zana imeshindwa.

Majuzi hapa Bariadi mjukuu wangu alinionyesha katika simu ukurasa wa intaneti ambao, ukiusogeza kwa kidole, picha hupanda na maneno hujitokeza. Nikaona boksi letu limerudi.

Kurasa za kwanza, za Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwaka 1991, zilikuwa maandishi na viungo tu. Mwaka 1996 ilitolewa CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa. Flash nayo ilichezesha picha kwa miaka mingi, hadi Adobe walipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2020.

Lakini siku ya mwisho ya kuomba nafasi ya masomo, mjukuu huyohuyo alifungua ukurasa mwingine uliopambwa vivyo hivyo. Mtandao ulikuwa dhaifu. Mapambo yalihangaika kufunguka, fomu haikutokea, na saa sita ya usiku ikapita. Alisubiri mwaka mzima.

Msomaji wangu, siuchukii urembo. Nami nililipaka boksi langu rangi. Ila pamba ndiyo iliyokuwa somo.