Anatafutwa Mwalimu wa Lugha Mbili

Kila mwaka Desemba inapokaribia, kurasa za matangazo katika magazeti, na siku hizi simu za mkononi pia, hujaa matangazo ya shule zinazotafuta walimu. Shule inajiita ya kimataifa, au ya mchepuo wa Kiingereza, na sharti la kwanza ni kwamba mwombaji awe na uwezo wa kufundisha kwa Kiingereza fasaha. Nyingine husema wazi kwamba zinamtaka mtu wa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili. Mshahara hautajwi. Na tangazo likitoka leo, likatoka tena wiki ijayo, likatoka tena mwezi unaofuata, basi, ndugu msomaji, ujue anayetafutwa hajapatikana.

Sisi wa Kondoa tungeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Masaki na Oysterbay, hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Mtoto wa Kolo, Pahi au Haubi naye anahitaji mwalimu wa lugha mbili, tena pengine kuliko mtoto wa mjini. Tofauti ni kwamba wa mjini anatangaziwa, wa Haubi hatangaziwi.

Swali langu la wiki hii ni hili: inakuwaje nchi ambayo imekuwa na Kiingereza shuleni kwa takriban miaka 100 ikose walimu wa kutosha wanaoweza kufundisha kwa lugha hiyo na kwa Kiswahili pia? Nadhani jibu limo katika historia ya namna tulivyokuwa tukiwapata walimu. Kila mara tuliamua kwanza lugha ya shule, kisha ndipo tukaanza kumtafuta mtu wa kuifundishia.

Tuanzie kwa Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali yao ya kikoloni ilifungua shule mjini Tanga. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walitaka makarani, maakida, wakalimani na watoza kodi. Lakini mwalimu kutoka Ujerumani alikuwa ghali, na wanafunzi wasingemwelewa. Kwa hiyo masomo yakawa kwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu walizozoea watu wa pwani. Kijerumani kikawa cha wachache. Miongoni mwa waliofuzu wapo waliopelekwa bara wakawe walimu, na gazeti la Kiongozi, lililochapwa shuleni hapo, likawafuata huko waliko.

Kondoa-Irangi, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule, ilikuwa na boma la Wajerumani. Kiswahili hakikuletwa hapa na chaki. Kilitangulia na wafanyabiashara wa pwani na dini ya Kiislamu, boma likakikuta. Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliuteka mji huu, na Mei mwaka huo huo Lettow-Vorbeck akajaribu kuurudisha akashindwa. Waingereza waliporithi nchi, walikiri katika ripoti zao za mwanzo kwamba hapa waliweza kumwandikia jumbe au akida maagizo kwa Kiswahili naye akayaelewa, jambo ambalo hawakulizoea katika makoloni yao mengine. Shule za Wajerumani zilikuwa chache na nia yake ilikuwa mbaya, lakini mwalimu aliyepelekwa bara alifundisha kwa lugha aliyoijua.

Waingereza waliweka ngazi mbili. Miaka ya mwanzo ya shule ilikuwa ya Kiswahili, kisha Kiingereza kikaingia kama somo, na kwa wale wachache waliopanda juu kikawa lugha ya masomo yote. Shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwalimu Mwafrika aliyesomea ualimu wakati ule alichujwa sana kabla ya kushika ubao, na wazee wetu wengi waliopita mikononi mwake wanazungumza lugha zote mbili bila kubabaika. Lakini alikuwa mmoja kwa maelfu. Tulipopata Uhuru Desemba 9, 1961, shule za sekondari zilikuwa chache, na walimu wake wengi walikuwa wageni.

Serikali mpya ilifuta mgawanyo wa rangi mashuleni kuanzia Januari 1962. Madarasa yakahitaji watu. Ndipo likaja zoezi kubwa la kutafuta walimu ng'ambo. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York pamoja na Makerere, ulileta mamia ya vijana wa Kimarekani na Kiingereza kufundisha katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Baadaye wakafuata walimu wa Peace Corps. Wapo watu wazima leo waliofundishwa fizikia au jiografia na vijana wale, na wanawakumbuka kwa wema.

Lakini tutazame hesabu yake. Vijana wale walikuwa na Kiingereza tele, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni. Wengi walikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Mwanafunzi asipoelewa, mwalimu hakuwa na lugha nyingine ya kumwelezea. Na mkataba ulipokwisha, walirudi kwao. Mwaka 1969 Peace Corps nao waliondoka nchini, wasirudi kwa miaka kadhaa. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kiingereza cha sekondari zetu kilikuwa kimesimama juu ya watu wa kuazima.

Wakati huo huo nchi ilikuwa imegeukia upande mwingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Kisha, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Walimu wapya wapatao 40,000 walihitajika, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda ule.

Sisi watu wa redio hatuna budi kuukumbuka mpango uliofuata. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini wakafundishwa ualimu hapo hapo kwa muda wa miaka mitatu. Walifundisha darasani chini ya uangalizi, walisoma vitabu vya masomo kwa njia ya posta, na walisikiliza vipindi vya redio vilivyotungwa kwa ajili yao. Mwishoni walikwenda chuoni kwa wiki chache. Kati ya mwaka 1976 na 1981 waliandikishwa vijana wapatao 45,000, na zaidi ya 35,000 walifuzu. Watu wakawaita walimu wa UPE.

Jina hilo lilikuja kuwa tusi, na mimi silikubali tusi hilo. Mamilioni ya Watanzania walijua kusoma na kuandika kwa mikono ya vijana wale, waliofundisha chini ya miti kwa posho ndogo. Kiswahili walikijua, na kwa Kiswahili walifundisha hesabu na historia. Hapo tulifanikiwa kwa sababu ileile ya Tanga: mwalimu aliijua lugha aliyopewa.

Tatizo lilikuwa kwenye ratiba. Katika vipindi vya siku kulikuwa na kimoja cha Kiingereza, na kijana yule ambaye naye aliishia darasa la saba alitakiwa akifundishe. Angekitoa wapi? Aliandika ubaoni alichokiona kitabuni, watoto wakaitikia kwa pamoja, kengele ikagongwa. Mtoto yule yule akifaulu, aliingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo ni Kiingereza.

Matokeo yake hayakuchelewa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walichunguza na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza masomo yao. Mtu angedhani ripoti hizo mbili zinaelekea njia moja. La hasha. Serikali iliamua Kiingereza kibaki, na mwaka 1987 ukaanzishwa mradi wa kukiimarisha kwa msaada wa Uingereza. Vitabu vya hadithi vilikuja. Lakini vitabu si mwalimu.

Katikati ya miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zilipoanza kufunguliwa kwa kasi, historia ilijirudia. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha. Wananchi, ambao hawakosi maneno, waliwaita walimu wa Voda Fasta, kwa kuwafananisha na muda wa maongezi unaoingia kwenye simu mara moja. Safari hii lakini walipewa lugha ngumu zaidi: walitakiwa kufundisha kwa Kiingereza ambacho wao wenyewe walikipata kwa taabu.

Huko mijini njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguka. Kabla ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, shule za msingi za Kiingereza zilikuwa kwa kawaida za watoto wa wageni, na wazazi wenye uwezo walipeleka watoto Kenya na Uganda. Sera ile iliruhusu watu binafsi kufungua shule hizo kwa ajili ya Watanzania. Shule zikaota kama uyoga. Na walimu? Wengi walitafutwa Nairobi na Kampala. Ilikuwa tena nguo ya kuazima, safari hii kwa jirani. Mwaka 2015 ilipotungwa sheria mpya ya ajira za wageni, na vibali vikawa na masharti makali zaidi, wenye shule walilia. Leo hata halmashauri kadhaa zimefungua shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, nazo zinawatafuta walimu wale wale wachache.

Sera nazo hazikutulia. Ile ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Haikutekelezwa sekondari. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan mwanzoni mwa 2025, limebakiza Kiingereza huko. Wanaotetea lugha hii na wanaotetea ile wamebishana kwa zaidi ya miaka 40. Katika mabishano yote hayo ni mara chache kusikia mtu akiuliza: kesho asubuhi nani ataingia darasani?

Wapo wenzetu waliouliza. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wazazi wanaozungumza Kiingereza walitaka watoto wao wasome kwa Kifaransa tangu chekechea. Waliotafutwa kuwafundisha walikuwa walimu wenye Kifaransa kama lugha yao, lakini wanaokielewa Kiingereza. Mtoto aliruhusiwa mwanzoni kuuliza kwa lugha ya nyumbani, na mwalimu alimwelewa, akamjibu kwa Kifaransa. Utaratibu ule ulienea Kanada nzima.

Sasa turudi Kondoa tuone kazi iliyopo. Wilaya yetu na jirani yetu Chemba, iliyokuwa sehemu ya Kondoa hadi 2012, zina lugha ambazo wataalamu wa dunia huja kuzisoma. Kuna Kirangi, ambacho ni cha jamii ya Kibantu. Kuna Kiburunge na Kialagwa, ambavyo ni ndugu wa lugha za Wakushi. Na kuna Kisandawe chenye vidoko. Mtoto wa huku akiingia darasa la kwanza anaanza lugha ya pili. Akiingia kidato cha kwanza anaanza ya tatu, tena kwa masomo ya baiolojia na kemia. Mwalimu anayemfaa ni yule wa Saint-Lambert: anayejua vizuri lugha anayoielekea mtoto, na anayemwelewa mtoto kwa lugha anayotoka nayo.

Mwalimu huyo haagizwi Kampala wala New York. Anatengenezwa. Hapa Kondoa tunacho Chuo cha Ualimu Bustani, na vipo vyuo kama hicho nchi nzima. Mwanachuo apewe Kiingereza cha kufundishia, si cha kujibia mtihani tu. Afundishwe namna ya kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza bila kumwacha mtoto ng'ambo. Na siku ya usaili, badala ya kuulizwa vyeti pekee, apewe chaki afundishe somo moja kwa lugha zote mbili mbele ya watoto. Watoto ndio watakaosema kama ameajirika. Kisha alipwe kwa kadiri ya ujuzi wake, maana akilipwa kama mwenye lugha moja, shule ya mjini itamchukua kabla hajafungua sanduku.

Isitoshe, dunia imeanza kumtafuta mtu huyo huyo kwa sababu nyingine. Vyuo vikuu vya Marekani huchukua vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani mwaka 2021. Tusipotengeneza walimu wa kututosha na kubaki, wachache tulio nao wataondoka kwa haki yao, na hatutakuwa na neno la kuwaambia.

Mzazi mwenye fedha hatakosa. Tangazo lake litatoka tena Desemba, na kwa bei yake atampata mtu. Wa Haubi hana gazeti la kutangazia. Anayepaswa kumtafutia mwalimu ni serikali yake, na imemtafutia mara nyingi tangu 1961, kila mara kwa haraka na kila mara baada ya kuamua lugha. Safari hii ianze na mwalimu.