Mauaji ya Njia ya Ngong na Kijana Aliyeyachunguza

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari mwaka 1941, Waafrika wawili waliokuwa wakichukua maziwa kwa lori waliona motokaa imetumbukia kando ya njia karibu na Karen, nje ya Nairobi. Ndani yake mlikuwa na maiti ya Lord Erroll, bwana mkubwa wa ukoo wa Scotland, amepigwa risasi kichwani.

Huyo alikuwa mmoja wa masetla matajiri ambao karamu zao na uzinzi wao vilisemwa killa mahali. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, mtu mzima aliyeoa bibi kijana mwaka 1940; na bibi huyo alikuwa amempenda Erroll. Siku chache kabla ya mauaji Broughton aliwaarifu polisi ya kuwa bastola zake mbili zimeibwa. Lakini wakili wake, Morris wa Johannesburg, alionyesha ya kuwa alama za risasi hazikulingana na mtutu wa bastola za namna ile. Tarehe 1 Julai Broughton akaachiliwa. Mwaka 1942 alirudi Uingereza, akajiua.

Mwaka 1969 kijana James Fox, mwandishi wa gazeti, aliyezaliwa baada ya kesi ile kwisha, alilishika shauri hili pamoja na mzee Cyril Connolly. Hakuwa askari wala hakimu. Aliwatafuta waliosalia, akawauliza mmoja mmoja. Connolly alikufa mwaka 1974, lakini Fox hakuchoka. Mwishowe mwanamke mmoja alimwambia ya kuwa, alipokuwa msichana wa miaka 15, Broughton mwenyewe alimwungamia ya kuwa ndiye aliyeua. Fox alitoa habari hizo katika kitabu mwaka 1982.

Je, hukumu ya mwaka 1941 imetanguka? La. Baraza haliwezi kumfunga mtu kwa shaka, na maiti hawezi kuulizwa. Maneno yale hayakufika mbele ya hakimu wakati mshitakiwa alipokuwa hai, wala hapana aliyeweza kuyapima kwa kumhoji.

Basi, ndugu msomaji, tuusifu uvumilivu wa kijana huyo, lakini tujifunze na jambo la pili. Neno la shahidi ni kama mbegu: lina majira yake. Likipandwa mvua imekwisha, laweza kutupa habari, lakini haki halitaizaa.