GMAT Imekukalia Ngumu? Hivi Ndivyo Unapanga Kurudia Ukiwa Muthara

Kwanza tuelewane: GMAT haina kufeli. Ni mtihani wa kuomba MBA, unapewa maksi kati ya 205 na 805, halafu shule inaamua kama inakutaka. So msee wa Muthara aliye na 545 na anataka shule yenye wastani wa 645 hajaanguka, ako tu mbali. Swali ni kama hiyo pengo inazibika, juu kila jaribio ni karibu dola 300, kitu ya kuelekea Ksh 40,000. Hiyo si doh ya kuchezea.

Kama umekosa wastani wa shule yako kwa pointi 10 ama 20, na kazi yako iko fiti, mimi ningeachana na kurudia niweke nguvu kwa insha za maombi. Pengo ikiwa kubwa, ama unawinda skolashipu, rudia.

Sheria ni rahisi. Lazima siku 16 zipite kabla ya kukalia tena, na mwisho ni mara tano ndani ya miezi 12. Maksi zinadumu miaka mitano. Poa zaidi, wewe ndio unachagua ni matokeo gani yatumwe, kwa hivyo shule haitaona ile ya kwanza usipotaka.

Hapa ndio wasee wengi huchomea: wanarudia kitu ile ile. Mtihani una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: Quantitative Reasoning ni hesabu, Verbal Reasoning ni kusoma na kupima hoja, na Data Insights ni chati, majedwali na kuamua kama taarifa uliyopewa inatosha. Zote tatu zina uzito sawa. Ukitoka hapo ukiwa umekaa kwa hesabu pekee, na Data Insights ndiyo ilikuvuta chini, utarudi nyumbani na maksi zile zile. Fungua ripoti yako, uone sehemu gani ilikuangusha, na kama ni maarifa ama ni saa ilikuishia. Maswali ukiyaacha bila jibu unakatwa vibaya, kwa hivyo dakika tano za mwisho jaza yote.

Na chunga vitabu vya kale unavyouziwa tao. Toleo la zamani lilifungwa Januari 2024. Insha ilitoka, kusahihisha sentensi kulitoka, jiometri pia. Bado wasee wanapoteza wiki mbili na pembetatu. Alafu usilinganishe na cuzo yako wa 2019: 645 ya sasa iko karibu na 700 ya wakati wake.

Tarehe unaipanga kutoka nyuma. Shule nyingi kubwa za ng'ambo hufunga raundi ya pili mapema Januari. Ukifanya 20 Novemba, bado una nafasi ya kurudia kuanzia 6 Desemba mambo ikienda mrama. Wiki sita hadi nane za kusoma kabla ya hapo zinatosha ukiwa serious, so anza Septemba mwisho. Mitihani miwili ya bure iko kwa tovuti rasmi ya mba.com, weka moja wiki ya mwisho, usiimalize mapema.

Shida ni kwamba Novemba huku Meru ni mvua. Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, lakini stima ikipotea katikati ama intaneti ikakatika, hapo ni balaa. Kama huna uhakika na stima ya mtaa, panga kituo cha Nairobi. Toka siku moja mbele, ulale kwa mtu wako. Kutoka Meru mjini pekee ni kama saa tano barabarani, na hujahesabu ya kutoka Muthara.

Jina la kujiandikisha lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kubadilisha tarehe hulipiwa, na kadiri siku inavyokaribia ndivyo bei inapanda.

Kama asubuhi yako ni ya miraa na unasomea jioni, chagua saa ya mtihani ya mchana, si saa mbili asubuhi. Akili yako haijazoea kupiga hesabu saa hiyo.