Kigego wa Zamani na Kigego wa Leo

Mie utoto wangu niliupitisha Mwera, kusini ya mto Pangani, kwa bibi mzaa mama. Mle nyumbani tulikuwa na mjomba mmoja, mfupi, macho ya mshazari, ulimi umening'inia kidogo. Sisi watoto tukimwita zezeta. Rafiki zangu wakija kutoka Tanga mjini, namzuga mjomba aende uani asionekane. Aibu hiyo ndiyo inayonishikisha kalamu leo.

Siku moja bibi alinisikia. Hakunipiga. Alisema tu, "Mume wangu, mshukuru Mungu mwanangu huyu hakuzaliwa zamani. Wangemwita kigego."

Kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Frederick Johnson alilitia neno hilo katika kamusi yake ya 1939. Mtoto huyo aliaminika kuleta mikosi, na zamani aliweza kuuawa, kutupwa, au kutolewa kwa watu wa mbali. Sasa sikiliza, ndugu msomaji: watoto wa namna ya mjomba meno yao huchelewa, na mara nyingi huota bila kufuata utaratibu wa kawaida. Nani ajuaye wangapi walihukumiwa kwa meno tu?

Wazungu nao wasitucheke. Mwaka 1866 daktari Mwingereza, John Langdon Down, alieleza hali hiyo, akawafananisha wagonjwa wake na Wamongolia, ati wamerudi nyuma kwenye kabila duni! Jina hilo lilidumu karibu miaka mia, hadi Mongolia yenyewe ilipolalamika kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1965. Kumbe mwaka 1959 Wafaransa Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walikwisha kutangaza chanzo: kromosomu 47 badala ya 46, ile ya 21 ikiwa tatu. Basi si jini, si laana, wala si mama aliyevunja mwiko.

Lakini elimu haikuishia hapo. Kuanzia 1966 kromosomu za mtoto ziliweza kusomwa katika maji ya chupa ya uzazi, na tangu 2011 damu ya mama yatosha kuonyesha dalili. Denmark ilianza kumpa kila mjamzito nafasi ya kupima mwaka 2004. Wengi wanaoambiwa mtoto ana hali hiyo huitoa mimba, na wanaozaliwa nayo kule wamebaki wachache sana.

Yote hayo niliyasoma kama habari za mbali, mpaka dada yangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam. Ana miaka 41, na mjamzito. Daktari kamgusia kipimo. Katika umri wa miaka 25 ni kama mtoto mmoja kati ya 1,200. Mama akifika 40, ni kama mmoja kati ya 100.

"Mdogo wangu, nipime? Na wakisema ni kama mjomba?"

Nilikaa kimya. Sheria yetu inajulikana: Kanuni ya Adhabu huadhibu utoaji mimba hadi miaka 14 jela, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Hivi kupima kuna faida gani? Iko. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na tangu 2015 Muhimbili ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ukijua mapema, unajiandaa mapema.

Nikamweleza hivyo. Akaniuliza, "Na wewe, utakuja kumwona? Au utamficha uani?"

Kumbe alikuwa akiona siku zote!

Mjomba alifariki sijamwomba radhi. Kipimo kimoja kitaokoa mtoto katika nyumba moja, na katika nyumba nyingine kitakuwa yale yale meno ya juu. Tofauti ni sisi tunaomngoja mtoto, na jina tulilomwekea kabla hajafika.

Nilimjibu dada: nitakuja.