Kabla Uniambie Nitumie Simu: Historia Fupi ya Kamera Ndogo Mtaani

Wasee, Desemba naenda ushago Siaya na shosh yangu, na nimekuwa nikisaka kamera ndogo ya dijitali ya kubeba safari. Kila mtu ananiuliza, "Si uko na simu?" Wengine wanasema kama ni kamera, nijinyime ninunue ile kubwa ya kubadilisha lenzi. Acheni niwarudishe nyuma kidogo kabla niwajibu.

Nikiwa darasa la tatu, mgeni mmoja alipita hapa Kianda na kamera kubwa shingoni. Alimkuta shosh mlangoni akikaanga samaki, akapiga picha kadhaa, akaahidi ataleta. Hadi wa leo. Kwetu hakuna hata picha moja ya shosh akiwa bado na nguvu zake. Labda iko kwa ukuta wa mtu tusiyemjua.

Hiyo ndiyo imenifanya niangalie historia ya hizi vitu.

Mwaka wa 1900, Kodak walitoa Brownie, kiboksi kilichouzwa dola 1 Marekani. Ghafla mtu wa kawaida angeweza kupiga picha familia yake bila kungoja fundi. Lakini mambo ya dijitali yalianza makubwa tena: ile kamera Steven Sasson alitengeneza Kodak mwaka wa 1975 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwa kaseti. Hiyo huwezi kuingia nayo kwa mat.

Sasa rudi Nairobi. Mwaka wa 1997, Mathare, mpiga picha Lana Wong alifanya kazi na vijana wa MYSA, kile chama cha michezo. Walipewa kamera za plastiki, za bei ya chini kabisa, za filamu. Mradi uliitwa Shootback, na picha zao zikatoka kama kitabu mwaka wa 1999. Watoto wa mtaa ndio walikuwa nyuma ya lenzi, wakipiga maisha yao.

Kibera, mwaka wa 2009, JR kutoka Ufaransa alifunika paa za mabati na picha kubwa za nyuso na macho ya akina mama wa hapa. Alizichapisha kwa karatasi ya plastiki isiyopitisha maji, so nyumba zingine zilipata paa lisilovuja. Respect kwake, picha zilibaki na wenyewe. Na huyo JR alianza na kamera aliyookota kwa treni za chini ya ardhi huko Paris.

Halafu 2010 vijana wa hapa wakaanza Kibera News Network. Walitumia Flip, kamera ndogo ya video inayotoshea kwa mfuko, wakaweka habari za mtaa YouTube. Cisco, waliokuwa wamenunua kampuni ya Flip, waliifunga 2011. Simu zikachukua nafasi.

Mimi naona hivi: kamera iliyotusaidia ni ile iliyokuwa mikononi mwa mtu anayerudi nyumbani na picha. Ukubwa wa lenzi haukuwa shida yetu.

So mbona nisitumie simu tu? Juu simu yangu iliibiwa mwaka jana na picha zote zikaenda. Pia nikiwa safarini simu ndiyo M-Pesa, ndiyo kupiga nyumbani, na chaji lazima nichunge.

Kama nawe unanunua ya mitumba pale tauni, angalia vitu vitatu. Moja, betri: uliza kama yake bado inapatikana. Mbili, kadi: kamera nyingi za zamani hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2, na zingine zinataka kadi ya xD ambayo haitengenezwi tena. Tatu, zoom ya lenzi yenyewe, si ile ya dijitali inayokuza tu ukungu. Megapikseli 10 zinatosha kuchapisha picha ya ukutani.

Na uchapishe, tafadhali. Nilipomwonyesha shosh kamera ninayotaka, aliuliza swali moja tu: "Na hii, picha yangu italetwa?"

Italetwa, shosh. Hii safari mpiga picha analala hapa hapa.

Nyinyi je, nani ako na picha ya shosh yake kwa ukuta?